Honi Iko Upande wa Kulia

Ukimwalika Madam nyumbani kwako aje akuwekee mashine ya gemu, usitarajie aanze na mashine. Ataanza na kitambaa. Atasimama katikati ya sebule, mkoba ukiwa bado begani, aangalie televisheni, aangalie meza, aangalie vile vitambaa vya kufuma ambavyo sisi watu wa Kitengela tunavitandika juu ya kila kitu kisichoweza kujitetea, kuanzia makochi hadi redio. Kisha atasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani, "Ondoa kitambaa kwanza."

Nimemsikia akisema hivyo katika nyumba nyingi, kwa sababu mimi ndiye ninayeuza televisheni na nyaya hapa mtaani kwetu, na mteja akiniuliza habari za gemu nampeleka kwake. Wengine hudhani ni maringo. Mashine ya kwanza aliyoweka katika nyumba ya mtu mwingine ilikuwa ya mama mmoja wa kwaya. Mama wa watu akaona aibu kuacha sanduku jeusi likae uchi mbele ya wageni, akalifunika kwa kitambaa alichozawadiwa siku ya harusi, na juu yake akasimamisha maua ya plastiki. Sanduku likakosa pumzi. Vijana wake walikuwa wanakaribia kumaliza mechi ya mpira wakati kila kitu kilipozimika, na nyumba nzima ikaamini kwamba stima ndiyo yenye makosa. Wakaita fundi, naye akabadilisha soketi ambayo haikuwa na ubaya wowote. Madam alipofika, aliinua kitambaa kwa vidole viwili, akagusa sanduku, akamwambia yule mama, "Hii umeivalisha sweta wakati wa jua."

Lakini ingia kwake uone. Meza ya televisheni yake imebeba kitambaa kikubwa kuliko vyote mtaani, cha rangi nyekundu na buluu, alichofuma mwenyewe. Pale sanduku linapotoa joto amekikata dirisha dogo la mraba na kulipinda kingo vizuri kabisa. Siku nilipocheka aliniangalia juu ya miwani.

"Baba Naomi, nilisema mashine ipumue. Sikusema nyumba ikae kama karakana."

Hatumwiti jina lingine. Alifundisha kompyuta katika shule ya wasichana upande wa Kajiado mpaka akastaafu, na neno hilo likamfuata hadi hapa. Muuza nyama wetu, ambaye amemzidi umri, humwita Madam. Nimewaona wanawake wa ofisi za kaunti wakishuka kwenye magari makubwa langoni pake, na kabla ya kusema neno wanainamisha vichwa, watu wazima hao, naye anaweka kiganja utosini kwao kama Wamaasai wanavyowasalimu watoto wao. Mimi ni mtu wa kutoka mkoa wa Kati, kwetu tunapeana mikono. Binti yangu Naomi ndiye aliyezaliwa hapa akaishika desturi hiyo, na tangu anajifunza kutembea hapiti kwa Madam bila kuinama.

Kwa miaka yote ya ualimu, Madam alikuwa adui wa gemu. Wanafunzi wake wa zamani husimulia habari za kabati lake la chuma, mlimoingia simu na vimashine vya kuchezea vilivyofichwa chini ya magodoro. Siku ya kufunga shule alivirudisha vyote vikiwa vimechajiwa. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa naye tangu zamani. Mtu akikunyang'anya kitu kwa hasira, mbona akuchajie? Nilimuuliza siku moja, akaniambia hakuwahi kuchukia gemu. Alichochukia ni gemu ya kujificha. Vijana wetu walikuwa wanakwenda kulipia zamu kwenye vibanda vyenye giza karibu na steji, wamebanana mbele ya televisheni moja, na mama zao nyumbani hawajui hata mchezo unaitwaje. Yeye alitaka mchezo uje sebuleni, mbele ya mama na baba, uonekane, ubishaniwe, na uzimwe chakula kikiiva.

Ndiyo maana alianza kukusanya kompyuta zilizotupwa na ofisi. Alizifuta, akaziwekea mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya gemu, ambao watu wa kujitolea wa huko mbali wanautengeneza na kuutoa bure. Mashine ikiwashwa haikuonyeshi dawati lenye vidude vidogo vidogo vya kubofya. Inakuja moja kwa moja na picha kubwa za michezo, unachagua kwa pedi ya kuchezea ukiwa umekaa kwenye kochi, na kibodi inabaki kabatini.

Swali la kila mtu lilikuwa lile lile: gemu nyingi zimetengenezewa mfumo mwingine, sasa hapa zitakubalije? Madam alilijibu kwa habari za kanisani. Mhubiri anakuja kutoka Nairobi, anahubiri Kiingereza, na kando yake amesimama mtu wa kutafsiri kwa Kimaasai. Mhubiri anaendelea tu, anadhani yuko kwao. Ndani ya mfumo huu, alisema, kuna mkalimani kama yule, na gemu haijui kama imetoka nyumbani. Kisha kwa sababu hapendi kumdanganya mtu, aliongeza kwamba kuna wahubiri wanaokataa kabisa mkalimani, na gemu ni hivyo hivyo, hasa zile za kushindana na watu mtandaoni. Hizo alikwambia mapema usizitegemee.

Neno lililomuudhi kuliko yote ni "imekataa". Hapa kwetu kila kitu hukataa. Gari imekataa, simu imekataa, mlango umekataa. Ukimpigia Madam ukamwambia mashine imekataa, aliuliza, "Imekuambia nini?"

"Imekataa tu, Madam. Imeandika vitu."

"Vitu gani? Soma."

"Ni Kiingereza mingi."

"Niko na saa nzima. Soma."

Na ulisoma, herufi kwa herufi kama ilibidi, na mara nyingi kabla hujafika mwisho ulishaelewa mwenyewe kwamba diski imejaa au waya umechomoka. Hakukupongeza. Alisema "haya" na kukata simu. Naamini hiyo ndiyo furaha yake hasa, maana kucheza kwenyewe hajui. Nimemwona akishindwa na gemu ya karata. Anachopenda ni ule muda mfupi mashine inapoamka na maandishi meupe yakiteremka kwenye kioo kabla ya picha kutokea. Watu wengine huyaficha. Yeye kwake ameyaacha, na huyatazama kama mama anayehesabu watoto wakitoka kanisani.

Safari moja nilimpeleka kwa mfugaji mmoja nje kidogo ya mji wa Kajiado, aliyenunua televisheni kwangu na kutaka mashine kwa sababu wajukuu wakija likizo walikuwa wanalia kurudi mjini. Madam alipofika aliuliza nani hukaa wapi. Halafu akakaa kwenye kila kiti, kimoja kimoja, akipima kama maandishi yanasomeka kutoka pale. Alipofikia kiti cha mwenye nyumba, watu wote wakamtazama mzee. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Madam alikaa, akaegemea, akasema herufi ni ndogo, akazikuza, akainuka.

"Mimi sitacheza," mfugaji alisema. "Gemu ni ya watu hawana ng'ombe."

"Sawa mzee. Lakini utasoma."

Alimwekea mchezo wa kilimo na mifugo. Hazikupita wiki nyingi yule mfugaji akaanza kupiga simu mwenyewe. Alikuwa na malalamiko. Ng'ombe wa mle ndani wanalishwa na mtu aliyekaa kwenye trekta, hakuna anayewachunga, na majani hayaishi hata jua liwake vipi. Aliuliza kama Madam anaweza kuwaambia waliotengeneza. Madam aliniambia akicheka kwamba kwa miaka mingi hajapata ripoti ya kasoro iliyoandaliwa vizuri kama ile.

Na alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko zote: "Ya jana usiitupe mpaka ya leo ijithibitishe." Mfumo ule hukaa mara mbili ndani ya mashine. Toleo jipya likija haliandikwi juu ya la zamani, linawekwa kando yake. Ukiwasha leo jipya likavuruga mambo, unazima, unawasha tena, unachagua la jana, na maisha yanaendelea. Hata hivyo hakuamini tu mfumo. Kila toleo jipya alilijaribu kwanza kwenye mashine yake mwenyewe, Jumamosi, kabla ya kuruhusu nyumba yoyote ilichukue. Aliwahi kuniambia angetamani mambo mengi yangekuwa na la jana lililowekwa kando. Wakati huo mume wake alikuwa ameshaugua.

Mume wake, ambaye mtaani tunamwita Mzee tu, alikuwa dereva wa trela. Barabara ya Namanga aliijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani, na mpakani maajenti na wauza shanga walimtambua kwa honi kabla hawajaiona gari. Kiharusi kilimpata akiwa amestaafu, ameketi mezani akinywa chai. Kilimwachia maneno yake na miguu yake, ya kwenda polepole, lakini kilichukua mkono wa kulia. Ulikuwepo na haukuwepo. Dada wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo wa kubinya, naye akauweka kwenye dirisha na kusema yeye si mtoto.

"Mkono umekataa," alimwambia mke wake.

Nilikuwepo. Nikamtazama Madam, nikingoja aulize umemwambia nini. Akaingia jikoni na kukaa humo muda mrefu, na nilipomfuata kumuaga nikamkuta anaosha kikombe kilicho safi. Mkono wa mume wake haukuwa umeandika kitu ambacho angeweza kukisoma.

Kilichomuumiza Mzee si kushindwa kula kwa mkono ule. Ni vichwa vya watoto. Alikuwa mtu wa kukaa kibarazani jioni, na watoto wote wa mtaa, wa Wamaasai na wa kwetu, walipita wakainama, akawagusa. Sasa walipokaribia alijifanya amelala. Nilimwambia awaguse kwa kushoto, nani atamlaumu, akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Kichwa cha mtoto, alisema, hakiguswi na mkono wa kushoto. Kisha akaacha kutoka nje kabisa. Kuanzia hapo Madam aligusa kila kichwa mara mbili. "Hii yangu," alikuwa akisema, na kiganja kikirudi tena, "na hii ya Mzee." Watoto walizoea. Mimi sikuzoea.

Mashine ya mkononi ya Mzee niliipata mimi, kwa mtu ninayefanya naye biashara Namanga. Ni kompyuta kamili yenye kioo katikati, na vitufe na vijiti vya kuelekezea pande zote mbili, ya kushikwa kwa mikono miwili. Ilikuja na mfumo wa kawaida wa ofisini, herufi ndogo kama mchanga. Madam aliifuta siku hiyo hiyo akaiwekea Linux yake, na ndani yake mchezo wa kuendesha malori. Halafu akafanya jambo lililomchukua jioni nyingi. Mfumo ule unakuruhusu kuamua kila kitufe kifanye kazi gani. Akahamisha kila kitu upande wa kushoto: usukani, mafuta, breki, gia. Mkono wa kulia wa Mzee haukuwa na kazi yoyote ila kubeba.

Isipokuwa honi. Honi aliiweka kulia, chini ya kidole gumba.

"Heri aendeshe bila breki kuliko kuendesha bila honi," aliniambia kwa sauti ya chini.

Alikuwa anamjua mtu wake. Siku za kwanza Mzee aliendesha kimya, akinuna. Siku ya tatu au ya nne nikiwa dukani, nyumba ya pili kutoka kwao, nikasikia honi, fupi, dhaifu. Halafu tena. Baada ya majuma kadhaa Madam akahamisha taa kulia. Kisha gia, kisha breki. Alifanya hivyo Mzee akiwa amelala mchana, kitufe kimoja, na hakumwambia. Mzee alilalamika kwamba barabara zimekuwa mbaya. Kilichobaki kushoto ni usukani na mafuta, na mafuta aliyaogopa. Honi ni kugusa na breki ni kubana, lakini mafuta unayashikilia kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Akishindwa hapo, Madam alisema, ataiweka dirishani karibu na ule mpira, na hataichukua tena.

Kosa lilikuja kupitia wema, na lilikuwa la Madam mwenyewe. Toleo jipya lilikuwa limetoka, na liliahidi herufi kubwa zaidi kwa mashine za mkononi. Macho ya Mzee yalikuwa yanamsumbua. Asubuhi hiyo Madam alikuwa anawahi harusi ya mwanafunzi wake Kajiado, na badala ya kungoja Jumamosi ajaribu kwanza kwake, aliiruhusu mashine ya Mzee ilichukue, akaenda.

Mchana nilipeleka waya wa chaji waliokuwa wameniagiza. Mzee alikuwa kochini, uso umemwiva.

"Imekataa," akasema. "Gari haisongi."

Nikajikuta nikisema, "Imekuambia nini?"

Akanipa nisome. Ilikuwa imeandika, kwa herufi kubwa kweli, kwamba mpangilio wa vitufe umerudishwa kama ulivyotoka kiwandani. Nikampigia Madam. Nyuma yake kulikuwa na nyimbo za harusi na vigelegele. Nikamsomea.

"Mafuta imeenda kulia," akasema. "Baba Naomi, rudisha ya jana. Zima, washa, itakuuliza, chagua ya pili. Usimwambie kitu. Fanya saa hii."

Mzee alikuwa amesikia. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua mashine kutoka kwangu.

"Usirudishe."

"Madam amesema."

"Nimesikia amesema. Ya jana si iko hapo kando? Haiendi mahali. Kwanza nione hii."

Nilikaa. Sikujua kingine cha kufanya. Aliupanga mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akakichukua kidole cha shahada na kukiweka nyuma ya mashine, juu ya kitufe cha mafuta, kama mtu anayemketisha mgonjwa. Lori likaguruma, likasonga kidogo, likasimama. Kidole kilikuwa kimeteleza. Akakirudisha. Lori likasonga, likasimama. Alitukana kwa Kimaasai maneno ambayo sitayaandika. Kila liliposimama niliona shingo yake ikikaza, na nilitaka sana kumwambia inatosha, lakini haikuwa yangu kusema.

Madam aliingia kabla ya jua kushuka, viatu vya harusi mkononi, shanga zikiwa bado shingoni. Alikuwa ametoka kabla ya keki. Alisimama mlangoni akisikiliza ile injini ya mchezo: ikipanda, ikikatika, ikipanda, ikikaa.

"Mafuta iko wapi?" akauliza.

"Kulia," Mzee alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unahamisha moja moja. Hapo kwa mafuta ungefika lini?"

Madam akakaa kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa katika nyumba ile, na akalia waziwazi, bila kufuta uso.

"Usinililie saa hii," Mzee akasema. "Kuna kona."

Toleo la jana halikuguswa. Nadhani liko mle mpaka leo.

Mwezi uliopita nilipita kwao na Naomi, tukitoka sokoni. Mzee alikuwa kibarazani, mashine mapajani, na Madam kwenye kigoda kando yake anafuma kitambaa kingine, Mungu ndiye ajuaye cha kufunika nini.

"Takwenya," nilimsalimu Madam kwa Kimaasai changu cha kuokoteza.

"Iko," akaitikia, macho kwenye uzi.

Naomi ameanza kurefuka, lakini aliinama kama kawaida, kwa Mzee kwanza. Nikangoja Mzee afumbe macho. Aliiweka mashine kando. Mkono wa kulia ulitoka mapajani polepole, ukatetemeka ulipofika usawa wa kifua, nikaona Madam ameacha kufuma. Halafu kiganja kikatua utosini kwa mtoto, kikakaa, na kidole gumba kikabonyeza, kifupi, mara mbili, kama anavyopiga honi. Naomi, ambaye hakujua kwamba kuna lolote limetokea, akageuka kwa Madam na kuinama, akangoja zake mbili.

Madam alimgusa mara moja, akaondoa mkono.

"Ya Mzee umeshapata," akamwambia. "Nenda, na ukitoka ufunge geti."